Jicho Lililongojwa Liive

Nakumbuka asubuhi moja ya umande mwingi kule Gesima, mwanangu, tuko katikati ya majani chai, mimi na wifi yangu Bosibori, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Mogaka. Mara Bosibori akatua kikapu, akashika kichwa, akatapika palepale.

"Wifi, umekula nini?"

"Sijala kitu. Ni jicho. Kama mtu yuko ndani anasukuma atoke."

Jicho lenyewe, la kulia, lilikuwa na mtoto wa jicho miaka mingi. Sote tulimjua huyo mtoto. Tulimwona akiwa ukungu mdogo, tukamwona amekuwa mweupe kama maziwa, na hatukuogopa, kwa sababu kwetu kila mtu alijua kwamba mtoto wa jicho hutolewa akishaiva. Baba yake Bosibori aliambiwa hivyo na daktari sisi tukiwa wasichana, na neno hilo likabaki nyumbani. Ukimuuliza Bosibori ataenda hospitali lini, anakujibu akicheka, "Bado bichi."

Basi siku hiyo tukasema ni malaria. Kutapika, kichwa kuuma, ingekuwa nini kingine? Tukamnunulia dawa za maumivu dukani kwa Nyanchama. Jicho likawa jekundu. Jioni akaniambia taa imevaa duara la rangirangi kama upinde wa mvua. Nikadhani ni homa inaongea. Jirani akaja akasema sasa ndiyo linaiva, tusiliguse. Wiki ikaisha, ikaingia nyingine, sisi tunachuma chai, Bosibori amelala na kitambaa usoni. Ukiligusa jicho juu ya kope, gumu kama kokoto.

Mpaka binti yake Kerubo, anayeuza nguo Kisii mjini, alipokuja kusalimia. Alipoinua kile kitambaa akapiga yowe. Hakuomba ruhusa ya mtu. Siku hiyohiyo tulikuwa hospitalini.

Wodini, kitanda cha pili, alikuwepo Kwamboka wa Sironga, mke wa Onduso fundi wa viatu. Ugonjwa wake ulikuwa uleule: mtoto wa jicho amevimba, maumivu, kutapika. Ila yeye alishikwa jana yake tu, na Onduso akamleta kulipokucha. Daktari, mama mmoja mpole wa huku kwetu, akawapa wote dawa za kushusha presha ya jicho, kisha akawapasua siku moja, kwa mikono ileile.

Siku ya kufungua bandeji nilikuwepo. Kwamboka akafunguliwa kwanza. Akapepesa, akatazama ukuta, akasema, "Aliyepaka hii rangi alikuwa amelewa?" Wodi nzima ikacheka. Mimi nilisimama mdomo wazi. Mtu aliyeingia akishikwa mkono, leo anakosoa rangi ya ukuta!

Kisha Bosibori. Maumivu yalikuwa yameisha, jicho limetakata, zuri kabisa. Daktari akamziba jicho la kushoto, akapunga mkono mbele ya lile la kulia. Bosibori hakuufuata. Halafu akaniuliza polepole, "Nyaboke, wameshafungua?"

Daktari akaketi kitandani, akamwita bibi kwa Kikisii chetu. "Magokoro, nani aliwaambia mngoje?"

"Si lazima liive kwanza?"

"Jicho si ndizi, Magokoro. Zamani madaktari walingoja kweli, kwa vifaa vya zamani. Siku hizi hatungoji."

Akatueleza kwamba ndani ya jicho kuna maji, yanaingia na kutoka usiku na mchana. Mtoto wa jicho akinenepa sana huziba njia ya kutokea. Maji yanajaa, yanakandamiza mshipa unaopeleka mwanga kichwani. "Mtoto nimemtoa kwenu wote wawili. Mshipa wa Kwamboka uliwahiwa. Wako umekandamizwa siku nyingi, umekufa, na mshipa huo hakuna anayejua kuurudisha."

Mwanangu, nimechota maji tangu utoto na sikujua kwamba usoni mwangu kuna chemchemi. Inatiririka nikilala, inatiririka nikichuma chai, na mlango wake ni mdogo hata siwezi kuuwaza. Vilima vyote ninavyoviona, na sura zote ninazozipenda, vimeshikiliwa na kitu kidogo hivyo!

Bosibori akaushika mkono wa daktari. "Na hili la kushoto? Nalo lina mtoto."

"Lina, lakini mshipa wake mzima."

"Basi mtoe."

"Pumzika kwanza, Magokoro."

"Nimepumzika vya kutosha. Mtoe akiwa mbichi."

Akatolewa. Walipofungua, Bosibori alinitazama, akanitazama, mpaka nikaona haya. "Wifi!" akasema. "Nani amekukunja uso hivi?" Tukacheka huku tunalia. Tukitoka, akakataa kupanda gari kwanza. Alitaka kusimama aone mvua ikija kutoka upande wa Kisii, na sote tukasimama naye, tukalowa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona weupe ndani ya jicho la mtu wako, usingoje uive. Mpeleke apimwe. Na jicho likiwa jekundu, likauma pamoja na kichwa, akatapika, taa zikavaa duara, usilale na hilo ukiliita malaria. Ni siku hiyohiyo, chai ibaki shambani. Ukichelewa, maumivu yanaweza kuondolewa, lakini kuona kunaweza kusirudi.

Mungu akutunzie macho yako yote mawili. Uzeeke nayo, na watoto wa watoto wako wakija mlangoni uwatambue kabla hawajafungua mdomo.