Siku Nilipomfunga Baba Viatu

Baba yangu alijua viatu vya porini kuliko mtu yeyote hapa Kisangani, na sisemi hivyo kumpamba. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaongoza wanafunzi wa chuo kikuu ndani ya msitu wa Masako, walipokwenda kupima miti. Kabla ya kuingia aliwapanga mstari na kuwakagua miguu. Mwenye sandali alirudishwa mjini hata akilia. Mwenye viatu vipya vya kumeremeta alichekwa kwanza, kisha akarudishwa naye.

Kwa hiyo viatu vyake vya zamani vilipotoboka, nilimchagulia vingine kama alivyonifunza. Nilimpeleka sokoni alasiri, kwa sababu mguu wa asubuhi ni mwongo, haujavimba bado. Nilimvalisha soksi nene. Nilikunja kila kiatu kwa mikono miwili: kikikunjika penye vidole, kizuri, kikikunjika katikati, takataka. Alipovaa nilimwambia asukume mguu mbele, nikaingiza kidole changu nyuma ya kisigino kuona kama pana nafasi. Muuzaji, mtu wa Butembo, alitutazama tukilivuruga rundo lake lote la mitumba.

“Mama, ni viatu ama ni bwana njo unachagua?” aliniuliza.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Tuliondoka na jozi ya ngozi iliyofunika vifundo, soli yenye meno, kasoro yake moja tu: kamba zilikuwa zimeoza.

Ugonjwa wa sukari tulijua anao. Alimeza vidonge vyake, akapunguza sukari kwenye chai, sisi tukaona mambo yamekwisha. Jambo asilotuambia ni kwamba miguu ilikuwa imekufa ganzi. Muuguzi alikuwa amemwonya, akamkataza kwenda porini, naye akatia ulimi puani. Angesema, nani angempa kazi tena? Mimi nami nilikuwa na macho. Wiki chache kabla ya hapo nilimwona akikanyaga kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye mbabula tuliyokuwa tukipikia, akaendelea kuongea kana kwamba amekanyaga ganda la karanga. Nilimwambia ana miguu ya tembo. Nilicheka, mpumbavu mimi.

Hapa kwetu kila kitu hufungwa kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, huukata vipande vyembamba wakafungia magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, hata magodoro. Hauozi, na ukishauvuta unaendelea kujikaza wenyewe. Watu wa porini huupenda kwa viatu pia, maana matope ya msituni hunyonya kiatu mguuni. Baba aliutumia tangu ujana wake, wakati miguu yake ilikuwa bado inampigia kelele ukizidi kukaza. Nilikata vipande viwili virefu, nikachuchumaa mbele yake asubuhi ya safari ya Masako na wanafunzi.

Kanuni yake niliijua: kulegeza kwenye vidole, kushika kwenye kifundo. Nilianza hivyo.

“Papa, inakukaza?”

“Hapana. Vuta.”

“Na sasa?”

“Vuta tena, mama. Matope ya kule iko mubaya.”

Nilivuta. Nikauzungusha mpira mara mbili kwenye kifundo, nikafunga fundo, nikalipiga kofi kwa kujivuna. Nilikuwa nauliza swali mguu usioweza kunijibu.

Siku ya nne wanafunzi walimleta kwa pikipiki, ana homa. Alikuwa amelala na viatu kila usiku. Siafu walikuwa wengi, mafundo yameshikwa na matope, na kwa kuwa hakuna kilichomuuma, avue kwa nini? Niliukata mpira kwa kisu cha jikoni. Mguu wa kulia ulikuwa na mifereji myekundu. Wa kushoto ulikuwa mweusi vidoleni, na harufu ilinifikia kabla soksi haijatoka.

Hospitali daktari alitazama alama za mpira, akatutazama sisi.

“Nani alifunga namna hii?”

“Ni mimi mwenyewe, docteur,” baba alisema upesi. “Niko mutu ya kichwa nguvu.”

Nilikuwa nimesimama pale pale, kile kiatu mkononi. Nilimwacha aseme hivyo. Walimkata mguu chini ya goti.

Hadi leo nyumbani kwetu inajulikana kwamba baba alijifunga mwenyewe. Kaka yangu mkubwa huja Jumapili baada ya misa, anakula, kisha anaanza. Ameshamwambia mara ngapi sijui kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anamuuliza alikuwa na akili gani ya kujikaza mpira vile. Baba huitazama sahani yake na kusema, “Bon, ilishapita.” Mimi namwongezea kaka sombe, mboga ya majani ya muhogo. Najichukia mwiko ukiwa mkononi, na bado nampakulia.

Kila jioni namwosha ule mguu wa kulia. Nabana kidole kimoja kimoja na kumuuliza kama anasikia, naye hujibu ndiyo. Jana nilishindwa kuvumilia.

“Papa, dimanche akitoka misa nitamuambia kaka. Ni mimi nilifunga.”

“Utamuambia nini? Ulifunga vile nilikuambia. Nilijua sisikie kitu, nikakuambia vuta. Ukisema, ndugu zako watakufukuza hapa. Alors mimi nitabakia na nani?”

Nililia, naye akaniacha nilie. Nilipomaliza niliuweka mguu wake juu ya kigoda, nikalisogeza beseni karibu, nikaanza kusuuza kitambaa. Nilipoinua kichwa nikamwona anafuata mikono yangu kwa macho, nikakumbuka kwamba kila jioni hunitazama hivyo kabla ya kujibu.

“Papa, funga macho.”

Akafumba.

“Unasikia?”

“Ndiyo, mama,” akasema. “Ninasikia muzuri.”

Mikono yangu yote miwili ilikuwa bado ndani ya maji.