Mikono Iliyozoea Feni

Nyumbani kwetu hakuna tena anayehesabu kwa sauti ya chini. Dada alihesabu akikunja nguo, akiwasuka wanangu, hata usingizini, kama vile waya wa shaba bado unampita vidoleni. Mama alikuwa akimkaripia: "Hebu nyamaza, kiwanda kimeshafungwa kwa leo!" Siku hizi Mama hana wa kumkaripia.

Dada alikuwa fundi wa kusuka mota katika kiwanda cha feni, akizungushia waya na kuhesabu kila mzunguko. Mumewe, dereva wa lori, kwao ni ng'ambo ya mto wa mpakani. Vita vilipoanza alikuwa amekwenda huko kumzika baba yake. Daraja likafungwa, simu zikakatwa, naye Dada akaendelea kulala upande mmoja wa kitanda, kana kwamba mwenziwe ameamka kunywa maji tu.

Haukupita muda, feni zikaondolewa mezani. Zikaja mota ndogo za kuenea kiganjani, za ndege zisizo na rubani. Juma la kwanza meza nzima ilifanya kosa lile lile: mikono iliyozoea feni ilisuka kwa mwelekeo wa feni. Ndege ya majaribio ikajipindua uwanjani kama mende.

"Mama zangu, mnataka kumpepea adui?" msimamizi akafoka.

"Na joto hili, bosi, hata adui ana haki yake," Dada akamjibu.

Wakacheka mpaka wakatokwa machozi. Ya Dada hayakukatika upesi.

Mikono ikajifunza. Siku moja redio ya kiwandani ikatangaza kwamba ndege zetu zimeteketeza yadi ya malori ng'ambo. Jirani yake wa mezani akamshika bega. "Mwenzangu, malori ni mengi."

"Mume ni mmoja," Dada akasema.

Jioni hiyo aliniambia, "Mdogo wangu, nikisuka vibaya, nafukuzwa. Nikisuka vizuri, huenda najifanya mjane."

"Si uache kazi?"

"Kile kiti atakikalia mwingine. Mimi shida yangu si kiti. Namtaka mtu wangu."

Aliondoka mchana kweupe, mkoba begani kama aendaye dukani, akavizunguka vita kwa kupitia nchi ya tatu. Mama alimuuliza mlangoni atarudi lini. "Kwanza nimpate, Mama."

Alimpata. Msafiri mmoja alituletea habari: shemeji yu hai, ila mguu umevunjika vibaya na hataendesha tena. Ikabidi Dada atafute kazi. Mjini kwao kulikuwa na kiwanda cha pampu kilichogeuzwa kama chetu, kikitafuta watu wanaojua kusuka. Hawakuwa na la kumfundisha.

Ndege za ng'ambo zikipita juu yetu, majirani hukimbilia ndani. Mama huchelewa kidogo uani, shingo juu, mpaka nimvute mkono.

Dada yuko kwa mumewe, ng'ambo ya mto. Anafanya zamu ya asubuhi.