Kisima Katika Bustani ya Mfalme

Mlangoni tulivishwa slipa kubwa za kitambaa kizito juu ya viatu vyetu, ili tusikwaruze sakafu ya wafalme wa zamani wa Urusi. Ilikuwa Jumapili ya joto, miaka ya themanini, tulipokuwa wanafunzi huko. Tuliteleza chumba hadi chumba kama watoto waliovaa viatu vya baba zao.

"Mfalme alikufa zamani na bado tunampigia deki," nilimnong'oneza mwenzangu kwa Kikamba.

Hakucheka. Yeye alitoka Zombe, mimi Mbumbuni, na bwenini tulilala chumba kimoja. Kesho yake angekwenda kumwambia mkuu wa kitivo kwamba anaacha masomo. Kirusi kilikuwa kimemshinda. Tangu majira ya baridi hakuwa amefungua mdomo darasani. Sanduku lake lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni mwa chumba chetu. Nilimleta kwenye kasri hili la mashambani nikitumaini kwamba dhahabu na vioo vingembadilisha nia. Sijui kwa nini, maana mimi mwenyewe dhahabu ile ilinikera.

Mama mzee aliyetuongoza, filimbi ikining'inia shingoni, alitutoa nje bustanini. Alituambia kwamba hata ziwa lilichimbwa kwa mikono.

"Waliochimba waliimba?" niliuliza. Kwetu watu wakichimba matuta huimba, na mwenye shamba huwapikia. "Na walipikiwa nini?"

"Kijana," alisema, "tazama miti."

Nilipogeuka, mwenzangu hakuwepo. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kijito, mkono umezama mchangani hadi kiwiko.

"We mtu wa Zombe! Mto mzima unapita na wewe unachimba?"

"Maji ya juu ni ya ng'ombe. Ninyi wa Mbumbuni mtajulia wapi?"

Filimbi ikalia. Mama alikuja mbio, uso mwekundu, akiuliza ni nani amemruhusu kuchimbua bustani.

Mwenzangu alisimama. Nilifungua mdomo nimtetee, lakini akanitangulia, kwa Kirusi. Alieleza kwamba kwao mto hukauka, maji yakabaki chini ya mchanga. Unachimba, unamwaga yale ya kwanza yenye tope, unangoja. Kisha unazungushia kisima miiba. Neno la miiba hakuwa nalo, akajichoma kidole kwa ukucha na kuruka. Mama akampa neno. Akalirudia, akaendelea, vitenzi vyake vikiwa miguu juu.

"Na mbuzi wakiipita?" mama aliuliza.

"Mbuzi wa jirani huipita kila siku."

Mama alicheka, kisha akamwamuru afukie shimo. Mwenzangu aliomba kwanza maji yatulie. Mama akatazama njia huku na huku, akatia filimbi mfukoni, tukasimama watatu tukilinda shimo. Yalipotulia, mwenzangu alikunywa, akaapa yana ladha ya nyumbani. Mimi nilionja majani yaliyooza tu.

Jumatatu niliamka nikaona sanduku liko palepale mlangoni, mwenyewe hayupo. Nilidhani ameshakwenda kwa mkuu. Nilimkuta darasani, kiti cha mbele, akibishana na mwalimu, vitenzi bado miguu juu.

Sasa nimerudi kwetu, ni mwalimu huko Matiliku. Dhahabu ya kasri lile nimeisahau. Lakini mto ukikauka, nikapita kando ya kisima kilichozungushiwa miiba, huwa natamani kuisikia filimbi ile tena.