Vichwa Saba, Mabehewa Manne

Enzi zetu, kichwa cha treni hakikununuliwa dukani. Kilitafutwa jalalani, kikagongwa nyundo nyuma ya jiko, kikatobolewa kwa msumari wa moto, na kabla jua halijazama kilikuwa tayari kinanguruma mdomoni mwa mwenye nacho. Ninyi mliokulia kota za reli pale Shinyanga mtanielewa bila maelezo mengi. Wengine nitawaeleza taratibu, maana vijana wa leo ukiwaambia tulitengeneza treni kwa makopo ya samaki wanakutazama kama mtu anayewadai.

Kota zetu zilikuwa nyumba za vyumba viwili viwili, zimepangwa mstari mmoja, migongo imeelekea reli. Treni ya Mwanza ikipita, vikombe vilicheza kabatini na mama alishika sufuria kwa mkono mmoja bila kukatisha maongezi. Baba yangu alifanya kazi ya kubadilisha njia za treni pale stesheni. Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu, alikuwa Baba Shija, dereva wa treni, na kwa sisi watoto hapakuwa na cheo kikubwa kuliko hicho duniani. Akirudi safari, kofia imelowa mafuta na kopo lake la chakula linaning'inia mkononi, tulijipanga kumwamkia kama tunapokea mgeni wa serikali. Yeye aliitikia marahaba moja moja, hadi mtoto wa mwisho, hata kama macho yalikuwa yanafumba kwa uchovu.

Shija, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyeanzisha reli yetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi nina kumi. Mvua ya mwisho ya masika ilikuwa imekatika, na udongo wetu ule mweusi, ambao ukilowa unameza ndala na ukikauka unageuka saruji, ulikuwa bado laini. Shija alipigilia vipande viwili vya mbao sambamba, akavikokota chini, vikaacha mifereji miwili midogo iliyonyooka. Siku tatu za jua zilitosha. Tukawa na reli ngumu kutoka mlango wa jiko la jirani yetu Mama Zuhura hadi kwenye tenki la maji la kota, hatua kama sitini, ikiwa na stesheni za Tabora, Isaka, Shinyanga, Malampaka, na Mwanza pale kwenye tenki, kwa sababu Mwanza lazima pawe na maji.

Familia ya Zuhura haikuwa ya reli. Baba yake aliuza vitambaa mjini, watu wao wa asili walitokea Ujiji, na nyumba yao ilipakana na kota. Kiswahili chao kilikuwa laini. Sisi tulichanganya na Kisukuma bila kujijua. Zuhura alikuwa wa rika langu, na kila jioni alikuwa kwetu au mimi nilikuwa kwao.

Mwanzoni kichwa kilikuwa kimoja, cha Shija. Alikiunda kwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ya vizibo vya soda, na bomba la moshi la betri iliyokufa. Kilikuwa kizuri, sitaki kumwonea. Ulikisukuma kwa waya mrefu wenye ndoano, nyuma yake mabehewa manne ya makopo ya samaki yamefungwa kwa uzi, huku dereva akinguruma na kupiga honi kwa mdomo. Sisi wengine tulikuwa abiria. Abiria wa treni ya makopo hana kazi yoyote. Anakimbia pembeni, anameza vumbi.

Kwa hiyo nami nikatengeneza changu. Nilichukua kopo la maziwa ya unga ya mdogo wangu, likiwa na maziwa kidogo bado, jambo lililonigharimu fimbo tatu. Nilipomaliza nikaona ni jepesi mno, nikalijaza udongo wa mfinyanzi na kuliacha likauke. Mama aliponikuta na nyundo alisimama akanitazama kwa muda. "Kabula," akasema, "wewe utaolewa na karakana." Alilisema hilo miaka yote iliyofuata, hata siku ya harusi yangu.

Baada yangu akaja Masanja, mtoto wa nyumba ya mwisho, na kichwa cha kopo la dawa ya wadudu. Halafu Zuhura. Halafu wadogo zetu watatu, ambao vichwa vyao vilikuwa makopo tu yaliyopewa jina. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa na vichwa saba na mabehewa yale yale manne. Hakuna aliyefikiria kuongeza behewa. Nani angejisifu shuleni kwamba ana behewa?

Reli ikawa kama josho siku ya kuogesha ng'ombe. Reli ni moja, madereva saba, kila mmoja anataka kuanzia Tabora. Vichwa viligongana Isaka, vikagongana Malampaka, mabehewa yakanyang'anywa njiani, na kingo za mifereji zikaanza kubomoka. Tulikuwa tunacheza robo saa na kugombana saa nzima. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ambayo mama alinifungia nile na wenzangu nikayala peke yangu, nimewapa mgongo. Hadi leo naona aibu nikikumbuka.

Jumamosi moja Zuhura na Masanja walivutana behewa. Kichwa cha Zuhura kikaponyoka, ukingo wake wa bati ukapita kwenye kiganja chake, ukachana kutoka kidole gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Damu ilikuwa nyingi. Mama Zuhura alitoka jikoni, akamfunga kwa kanga, akampeleka hospitali, akashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Waliporudi mchana, alimlaza mtoto, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

Hakuwa anatutisha. Reli ilianzia mlangoni kwake, na alikuwa na haki. Alikuwa ameshaliinua jembe apige reli pigo la kwanza Baba Shija alipotokea kwenye njia ya stesheni, ametoka safari ya siku mbili. Akaweka kopo lake la chakula chini, akamsalimu, akamsikiliza mpaka mwisho. Alitupia jicho vichwa vyetu vilivyotapakaa chini, kisha akasema, "Nipe wiki moja, Mama Zuhura. Wakishindwa kujipanga, hilo jembe nitalishika mimi."

Mama Zuhura akaliegemeza jembe ukutani. Hakulirudisha nyuma ya nyumba. Aliliacha pale tulione.

Baba Shija akachuchumaa kati yetu. Akatuuliza tuna mabehewa mangapi. Manne. Na vichwa? Saba. Hakucheka, na hilo ndilo lililotuumiza. "Kwetu kazini," akasema, "kichwa kinaletwa kwa sababu kuna mzigo. Hakiletwi kwa sababu kuna mtu anataka kuendesha." Shija akamwomba atuambie basi tubaki na vingapi. Alikataa. Alisema reli si yake, akaingia ndani kulala.

Kesho yake baada ya kanisa tulifanya kikao kwa Zuhura, yeye amekaa mkekani na mkono wake umefungwa mweupe kama mkate. Masanja alitaka vibaki vyote saba, kila kimoja na siku yake ya wiki. Zuhura akamuuliza nani atakayekubali kuwa wa Jumamosi ijayo ikiwa leo ni Jumapili. Shija alisema kichwa kiwe kimoja, na sote tulijua kimoja kipi. Mimi nilitetea viwili, kimoja kitoke Mwanza na kingine kitoke Tabora, vikutane Shinyanga tulipochimba njia ya kupishana. Hapo ndipo treni inapendeza, moja inaposubiri nyingine. Zuhura alitusikiliza, halafu akasema vitatu. Siku zote kuna kimoja kibovu, alisema. Vizibo vinalegea, waya unakatika. Viwili vifanye kazi, cha tatu kikae karakana kikisubiri. Tulitafuta kasoro kwenye maneno hayo na hatukuiona. Tukaongeza sharti moja, kwamba kingo zote za bati zikunjwe na kugongwa hadi ziwe butu.

Ilibaki kuamua vitatu vipi. Tulikubaliana kuvipima. Karibu na tenki ardhi ilipanda kidogo, na hapo kichwa chepesi kikisukumwa kikiwa na mzigo nyuma yake kiliruka na kuacha njia. Tukajaza kokoto mabehewa yote manne. Kichwa kitakachofika Mwanza bila kuanguka, kitabaki.

Changu kilipanda. Ule udongo ndani yake ulikibana kwenye mifereji, kikaenda kama kimeshikwa na mkono. Cha Masanja kilipanda pia, kikiyumba. Cha Zuhura nilikisukuma mimi kwa niaba yake, nikaogopa kukiangusha zaidi kuliko nilivyoogopa kwa changu, nacho kikafika. Vya wadogo zetu vilidondoka mapema na wenyewe wakacheka. Akabaki Shija.

Mara ya kwanza kichwa chake kilianguka katikati ya mlima. Tukampa mara ya pili bila kuulizana, na ya tatu. Mara ya tatu kililala ubavu na bomba la moshi likang'oka. Nilipoinua macho nikamwona Baba Shija amesimama mlangoni kwake na fulana ya ndani, mswaki mkononi. Alikuwa ameona yote. Nilifikiri atasema neno la kumtetea mwanawe. Reli nzima ilikuwa ya Shija, wazo lake na mbao zake. Hakusema. Na nilijua kabisa kwamba Shija akitaka kubaki na kichwa chake, tutamwachia, na wiki itakapokwisha tutakuwa pale pale na jembe litakuwa bado ukutani.

Shija alikiokota, akakipangusa vumbi kwa kiwiko. Akaomba mkasi wa bati wa baba yangu. Aliketi chini akakata paa la kichwa chake, pole pole, akakunja kingo, akagonga, akatoboa tundu la uzi mbele na nyuma. Macho yalikuwa mekundu. Kisha akakifunga nyuma ya mabehewa mengine.

"Sasa ni matano," akasema.

Wadogo zetu nao wakaleta vyao, wakitaka wakatiwe paa kama kaka Shija. Jioni ile tulikuwa na vichwa vitatu na mabehewa manane.

Safari ya kwanza tulimpa Shija aendeshe, na kichwa kilichochaguliwa kuvuta kilikuwa changu. Nilikubali mbele za watu, lakini nilipomkabidhi waya nilichelewa kuuachia, kama naazimisha jino. Alinguruma kwa sauti ile ile ya baba yake akitoka stesheni. Zuhura, aliyekuwa stesheni masta kwa sababu ya mkono wake, akapunga kitambaa cha kijani kutoka dukani kwa baba yake. Mabehewa manane yakaondoka Tabora, yakapita Isaka, yakapita Shinyanga ambapo Masanja alisubiri pembeni na treni yake, yakapanda mlima yote. Nilikuwa nakimbia pembeni nikimeza vumbi, na sikukumbuka kuona wivu tena mpaka usiku nilipokuwa kitandani, na hata hapo sikuupata.

Mama Zuhura alitoka na unga wa maandazi mikononi. Alitazama mzunguko mmoja, wa kwenda na wa kurudi. Halafu akaliinua jiko lake la mkaa, lililokuwa limekaa karibu na mwisho wa reli, akalisogeza ndani kidogo ili treni ipate pa kugeuzia. Kesho yake aliweka karanga za kukaanga kwenye behewa la Shija, akasema zisafirishwe Mwanza. Zilifika chache.

Reli ile ilidumu hadi vuli. Mvua ilipoifuta, Shija alikuwa amefaulu kwenda sekondari Tabora, akapanda treni ya kweli, na hatukuichora tena. Hakuwa dereva wa treni kama tulivyodhani. Aliendesha mitambo chini ya ardhi, huko kwenye dhahabu upande wa Bulyanhulu, na sasa amestaafu, anafuga. Zuhura ana duka Masumbwe, la vitambaa, lile kovu linaonekana akipima mita. Masanja sijui alipo. Baba Shija tulimzika Shinyanga, na treni ya mizigo ikapita tukiwa makaburini, watu wakanyamaza mpaka ilipokwisha kupita.

Mimi nilifundisha shule ya msingi Geita miaka yote na hapa ndipo nilipojenga. Nakaa na mjukuu wangu Neema, mwenye miaka tisa, ambaye baba yake kila akija likizo humletea treni ya plastiki ya betri. Ana vichwa vitano sasa, kila kimoja na rimoti yake. Vinazunguka sebuleni vyenyewe, vinawaka taa, vinapiga honi bila mdomo wa mtu. Hakuna anayemwuliza mtoto wa kike anafanya nini na treni, na kwa hilo namshukuru Mungu, sitamani ya kale. Ila mara nyingi vinazunguka huku yeye yuko kwenye simu. Sisi tungezimia kwa furaha kuona kimoja tu kama hivyo, yeye havitazami hata vikianguka.

Juzi baba yake alipiga simu kuuliza kama alete cha sita. Neema akaja kuniuliza, Bibi, nisemeje. Nikamwambia mimi ningebaki na viwili, vipishane njiani, kimoja kikisubiri kingine. Alifikiri sana, kichwa amekiinamisha.

"Cha pili ataendesha nani?" akauliza.

Nilitazama geti letu, limefungwa kama mageti yote ya mtaa. Nyuma ya kila moja kuna mtoto na treni yake. Magoti yangu siku hizi hayapendi sakafu. Nikavua kanga ya mabegani, nikaitandika, nikakaa chini, nikanyoosha mkono anipe rimoti.