Godoro la Mama Sufi

Tangu wamzike Mama Sufi, mumewe hakuwa amepata usingizi wa maana. Alikuwa akisinzia kwenye kiti cha barazani, shingo imelala upande, kisha anashtuka na kuuliza nani amegonga mlango. Hakuna aliyegonga. Binti yake mkubwa, aliyechukua likizo kazini ili amtunze, alikuwa amechoka kumjibu na alianza kuogopa. Saa ya mkononi ya mzee ilikuwa ikiteremka hadi kwenye vidole. Walimpeleka zahanati, akapewa vidonge. Vidonge vile vikamlewesha bila kumlaza, akaanguka mlangoni pa bafu na kuchubuka paji la uso. Mtu wa umri ule asipolala hakai sana. Familia ilikuwa imetoka kumzika mmoja, na yule binti hakuwa na nguvu za kumzika wa pili.

Kitanda kilikuwepo. Godoro lilikuwepo, tena godoro la kazi ya marehemu mwenyewe.

Hilo jina la Mama Sufi alipewa na wateja. Alikuwa akishona magodoro ya sufi kwenye chumba cha uani, enzi ambazo godoro lilikuwa na fundi wake kama kiatu kilivyokuwa na wake. Siku hizi mtu ananunua kipande cha sponji kilichoviringishwa kwenye nailoni, kinanuka gundi, na kabla mtoto hajaanza shule kina bonde katikati. Basi anakitupa, ananunua kingine, na anajiona ameendelea. Godoro la Mama Sufi halikutupwa. Lilirudi kwake kila kiangazi, likafumuliwa, sufi ikaanikwa, ikapigwa, ikajazwa upya, likaondoka kama jipya.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Sufi ilikuja kwenye magunia, na kwanza ilibidi kutoa mbegu moja moja kwa vidole. Kisha aliimwaga sakafuni, akafunga dirisha maana upepo kidogo tu ungeibeba yote, akajifunga kitambaa puani, akaipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikaumuka na kujaa chumba. Akitoka humo jioni, nywele, nyusi na kope vyote vilikuwa vyeupe.

"Asubuhi niliacha msichana humu ndani," mumewe, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikuwa akimtania. "Huyu bibi kizee ametoka wapi?"

"Na mimi niliaga kijana mwembamba," alijibu bila kugeuka. "Nimerudishiwa tumbo na usukani."

Kwa kuyafumua magodoro ya watu aliwajua watu. Alijua nani anatoka jasho la homa, nani bado anakojoa kitandani na ndevu zake, na ni mume na mke gani wanaolala kila mtu ukingoni mwake. Hakusema hata siku moja. Watu walikuja wakiwa na wasiwasi, wakaondoka na godoro lao na siri zao zote zimeshonewa ndani. Mtafute leo fundi mwenye mdomo wa namna hiyo.

Kwa magodoro hayo alisomesha watoto wanne. Alipodhani amemaliza, ndoa ya huyu binti mkubwa ikavunjika, akarudi nyumbani na watoto wawili wa kike, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Kazi aliyoipata ilikuwa mji wa mbali, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na huko hapakuwa na mahali pa watoto. Alisimama mlangoni na mkoba wake akishindwa kutoka.

"Unasubiri nini?" Mama Sufi alimuuliza. "Gari litakuacha."

"Mama, watoto…"

"Watoto gani? Hawa wangu? Hawa hawasafiri. Nenda, mwanangu, na usinililie kwenye kizingiti, kinateleza."

Akawalea mpaka wakawa watu. Walilala na bibi na babu kitanda kimoja, kwa sababu hapakuwa na kingine, na mama yao aliwaona kila alipopata ruhusa, si mara nyingi. Sponji ilipoingia madukani wateja walipungua, kisha wakaisha. Mama Sufi hakumlaumu mtu. Alifunga chumba cha uani, akabaki na godoro moja tu la kushughulikia, lile la kitanda chake, nalo alilifumua kila kiangazi mpaka mwaka wake wa mwisho.

Kwa hiyo, msiba ulipokwisha, binti mkubwa aliona heshima inayomfaa mama yake ni kulifumua godoro lile kwa mara nyingine. Kazi hiyo alifundishwa akiwa msichana. Yeye na mawifi zake walianika sufi, wakaipiga, wakaifua ile nguo ya mistari inayoshika sufi, wakajaza na kushona. Lilitoka limenyooka kama meza. Mawifi walilipiga makofi na kulisifia. Mzee alilala juu yake kidogo, akainuka.

"Baba, vipi?"

"Zuri."

"Mbona umeamka sasa?"

"Zuri mno," alisema mzee, akajikokota mpaka barazani.

Mtoto wa mwisho wa mzee, ambaye wanamwita Bosi kwa sababu ya viatu vyake, aliamua kwamba sufi imepitwa na wakati, akaleta sponji nene ya bei mbaya. Mzee aliididimiza kidole. Kidole kikazama. Alipokitoa, shimo likajaa lenyewe.

"Hiki ni nini, mwanangu? Mkate?"

"Baba, hili ndilo wanalolalia matajiri."

"Ndiyo maana hawalali."

Sponji ikaegemezwa ukutani, na mzee akarudi kwenye kiti chake.

Ikafika siku waliyopanga ya kumkumbuka marehemu. Uani palifungwa turubai, viti vya kukodi vikapangwa, na Bosi akaleta spika mbili zenye kimo cha mlango. Zamani watu wakimkumbuka mtu walikaa karibu na kila mmoja akaeleza alichokiona. Sasa lazima mtaa wa tatu nao usikie, hata kama hauna habari na marehemu. Bosi alikuwa na hotuba kwenye simu. Ilikuwa na nguzo, ilikuwa na taa, ilikuwa na shujaa. Ungebadilisha jina tu, ungeweza kumsomea yeyote.

Asubuhi hiyo mkubwa wa wale wajukuu wawili, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, aliteremka kwenye basi na kwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi yake kubadili nguo. Alikaa kitandani avue viatu. Akapapasa godoro huku na huku, akatoka na kiatu kimoja mguuni.

"Mama, tuta liko wapi?"

"Tuta gani?"

"La katikati ya godoro. Limekwenda wapi?"

Mama yake alimtazama bila kuelewa. Kweli, siku ya kulifumua aliona sufi imerundikana katikati kwa urefu wote. Alidhani ni uchovu wa mama, mikono imezeeka, kazi imemshinda. Alimwonea huruma, akasawazisha.

"Mama jamani! Bibi alilishindilia makusudi. Babu alikuwa akirudi safari analala kama gogo, na sisi tulikuwa wadogo. Bibi akaogopa atatulalia. Akajaza tuta, babu upande wa nje, sisi na bibi upande wa ukutani. Tulikuwa tunaliita mpaka. Ukivuka mpaka unachapwa!"

"Lakini nyinyi mmeondoka siku nyingi."

"Nilimuuliza hilo. Akasema, babu yako keshazoea kuegemeza mgongo pale, nikilitoa atadhani amelala stendi."

Binti mkubwa aliketi kwenye kizingiti. Miaka ile yote alikuwa akikunja mashuka ya wagonjwa mji wa mbali, na hakujua wanawe walilalaje. Sasa alijua. Walilindwa, kati ya mpaka na ukuta. Alijifuta uso kwa kiganja na kuinuka.

"Nipe sindano ndefu. Na ufunge hilo dirisha."

Wageni walikuwa wameanza kuingia. Mama na mwana walifumua ubavu mmoja wa godoro, wakaingiza mikono hadi mabegani, wakaivuta sufi kutoka pembeni na kuishindilia katikati, huku yule mwalimu akielekeza: hapa bado, hapa zidisha, mabegani lilikuwa juu zaidi. Walipofunga mshono walimwita mzee.

Alikuja akiburuta kandambili, tayari kusema ni zuri. Alijilaza upande wa nje. Mgongo wake ukarudi nyuma kidogo, ukatafuta, ukagusa tuta, ukatulia.

"Hapo sasa," alisema.

Walisubiri aongeze neno. Mdomo ulimfunguka, mkono ukateleza kutoka kifuani, na pumzi ikaanza kuja ndefu na nzito. Mwalimu alishika mdomo asicheke. Mama yake alibaki amesimama akiitazama pumzi ile ikiingia na kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi mabega yake yalishuka.

Uani, Bosi aligonga maiki. "Haloo! Haloo, moja mbili!"

Dada yake alitoka mbio, sindano mkononi.

"Zima!"

"Dada, ndio kwanza naanza hotuba…"

"Zima nimesema! Baba amelala."

Neno hilo likapita kiti kwa kiti: amelala, mzee amelala. Wengine waliinua mikono kushukuru. Bosi alitazama spika zake, akatazama sindano, akachomoa waya. Simu aliirudisha mfukoni, kwani hotuba ile haikuandikwa kwa kunong'ona.

Wakasogeza viti mpaka magoti yakakaribia kugusana. Mteja mmoja wa zamani, mshona viatu, alikohoa ndani ya kiganja na kuanza kwa sauti ya chini: "Mimi nilimletea godoro la ndoa yangu. Akanitazama, akaniuliza, mkeo mnene au mwembamba?" Kicheko kilizuiwa kwenye viganja. Wa nyuma wakauliza amesemaje, wa mbele wakawarudishia kwa kunong'ona, na kila aliyetaka kumsikia Mama Sufi siku hiyo ilimbidi ainame.