Nzima, Mama?

Kazi yangu hapa Ifakara ni kuhakikisha ofisi ya wakulima wa mpunga kule Namawala haikosi intaneti. Ruta yao nimeichomeka kwenye soketi yenye laini yake ya simu. Nikituma ujumbe WASHA, ruta inawaka. Nikituma ZIMA, inazimika. Na kila ikiwaka au kuzimika, soketi inanitumia ujumbe wa kilichotokea. Basi ruta ikiganda naizima na kuiwasha nikiwa kwangu, miguu juu ya stuli. Nilijiona bingwa kweli.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na mama anayefagia ofisi ile, Msukuma mpole aliyehamia bondeni na ng'ombe wa mumewe. Binti yake alikuwa chumba cha pili mbele ya kompyuta, akingoja usaili wa chuo cha uuguzi, kwa video, saa nne kamili. Ruta imeganda. Nikamwambia mama asimame karibu nayo, nikaizima, nikaiwasha. Soketi ikajibu kwamba imewaka. Simu ilikuwa inakatakata, nikauliza kwa mkato.

"Nzima, mama?"

"Haya," akasema.

Nikakata simu nikiwa na raha zangu. Chai sijaimaliza, ujumbe ukaingia: imezimwa. Imezimwa na nani? Nikawasha, nikapiga, nikauliza neno lilelile, akajibu haya, na dakika haikupita ikazimwa tena. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Nikashuku umeme, lakini mama akasema taa za ofisi zinawaka. Nikashuku laini, nikashuku mvua, nikashuku hata panya. Mara ya tatu nikamsikia akisema vizuri kabisa kwamba ni nzima, na bado ikazimwa. Kichwa kilinivurugika nikaanza kumfokea mama wa watu, kana kwamba ruta aliitengeneza yeye. Wasaili walimvumilia binti mara tatu. Mara ya nne hawakurudi.

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi Namawala. Niliifungua soketi, nikaikagua, sikuona kasoro. Mama akaniletea kiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama nyumbani wote ni wazima.

Wazima. Mkono wenye bisibisi ukasimama. Nikamuuliza, polepole safari hii, jana nilimwambia nini kwenye simu.

"Uliniambia zima," akasema. "Nikabonyeza hapo kwenye soketi. Mara ya tatu nikakwambia kabisa, nimezima."

Niliona haya, sikuweza kumtazama. Nikamuuliza kama hakujua binti yake yuko ndani anasailiwa.

"Nilijua, baba. Alitoka mara mbili analia. Nikamwambia atulie, fundi anajua anachofanya."