Kuni za Matanga ya Baba

Mpingo ukipitishwa msumeno hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoanza kuungua sufuriani, na nyuma ya utamu huo kuna ukali unaopanda puani na kukaa. Pale Voi, nyuma ya soko, kuna kijana aliyefungua karakana ya viti na vinyago, na siku mojamoja hupata gogo la mpingo. Siku hizo mimi huvuka barabara. Wenye maduka hunitazama, na sidhani wanaelewa kwa nini mama mzima anakimbia harufu ya mbao huku amekamata dawa yake ya pumu mkononi. Harufu yenyewe naipenda, hilo niwaambie mapema. Kifua ndicho hakiipendi.

Kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yetu. Majirani walilima pojo na mahindi, wakaombea mvua, wakawafukuza ndovu shambani kwa kupiga madebe. Baba yeye aliuza mbao za kutengenezea magitaa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kumweleza mtu. Mama mmoja wa kanisani alimuuliza mama yangu kama ni kweli mumewe analisha watoto kwa muziki, na mama, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alimjibu kwamba muziki hajawahi kuuona sufuriani, ila unga anauona.

Baba alikuwa akienda kwenye ranchi na kibali chake mfukoni, akitafuta mipingo iliyokauka yenyewe au iliyoangushwa na ndovu. Hakukata mti mbichi. Magogo yake yalikuwa mafupi na yamepindapinda, ganda la kijivu, halafu ukilifungua gogo unakuta moyo mweusi wenye michirizi ya zambarau. Yalikuwa mazito mno. Aliyapasua vipande vya urefu aliotaka mnunuzi wake, Bwana Ochieng, fundi wa magitaa kutoka Nairobi, aliyezitumia mbao hizo kwa mgongo wa gitaa na kwa ule ubao mrefu wa shingo ambao vidole hukimbia juu yake. Kila kipande kilipakwa nta ya mishumaa kwenye ncha zote mbili, kikapangwa bandani na vijiti katikati, kikaachwa. Kuachwa huko ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Mpingo ukikauka kwa haraka hupasuka, na gitaa haliwezi kutengenezwa kwa mbao yenye ufa. Ulikaa miaka. Baba alipita akigonga kipande kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kama daktari anayesikiliza mgonjwa, kisha anasema bado.

Kwa sababu ya kuogopa nyufa hizo, banda letu halikuwa na dirisha. Baba aliuchukia upepo. Aliziba kila penye mwanya kwa udongo, akaning'iniza magunia mlangoni, na humohumo ndani, nyuma ya magunia, ndimo msumeno ulimofanya kazi. Gogo lilipandishwa kwenye jukwaa la miti. Baba alisimama juu akisukuma, na kaka yangu Mghanga, aliyekuwa ameanza sekondari, alisimama chini akivuta kila alipotoka shule. Aliye chini ndiye hupokea vumbi. Mghanga alikuwa akitoka humo na nyusi nyeusi na meno meupe, tukimcheka.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Sikupewa kazi nyingine kwa kuwa baba alisema mikono ya msichana haina nguvu ya msumeno, nami sikubishana naye, maana nilipenda kufagia. Wao walitoka nje kunywa chai, mimi nikaingia na ufagio wa chelewa. Vumbi la mpingo ni laini kama poda. Nilichora nyuso ndani yake kwa kidole kabla ya kulikusanya, nikajipaka mashavuni nikajiona bibi harusi. Nikipenga, kamasi ilitoka nyeusi, nami nilikwenda kumwonyesha Mghanga kwa fahari.

Baba alianza kukohoa nikiwa bado mdogo, kwa hiyo kwangu kikohozi chake kilikuwa sawa na sauti yake. Baadaye kilibadilika. Macho yalimvimba, ngozi ya mikono ikatoka vipele, na usiku hakuweza kulala chali. Alilala ameketi kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Hospitalini Voi walimpima kifua kikuu wakasema hana. Wazee wa ukoo walisema ameonewa wivu. Mama hakusema ya wivu. Alisema kwamba mwezi ule baba alipokwenda Njukini kumsaidia dada yake kuvuna mahindi alipumua kama kijana, na alipourudia mpingo wake, kifua kilirudi naye siku hiyohiyo. Alilisema hilo jikoni, alilisema shambani, alilisema hadi likatuchosha. Baba alimjibu kwa upole kwamba mpingo ndio unaowavalisha watoto viatu. Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilimwona mama kuwa mtu asiyependa vitu vizuri.

Mwaka niliokuwa darasa la nane, lile rundo kubwa la ndani kabisa, lililowekwa nikiwa sijui hata kusoma, lilikuwa tayari. Baba aliligonga na safari hii hakusema bado. Alituita sote. Aligonga tena, na ule ubao ukalia kama kengele ndogo. Bwana Ochieng alipigiwa simu, akaahidi kuja na gari. Rundo hilo ndilo lingemweka Mghanga shuleni na kunipeleka mimi sekondari, tena ya bweni. Niliota sanduku langu la bati. Baba alifariki kabla gari halijafika, asubuhi, kitini pake, mama akiwa amemshika mgongo.

Kwetu mtu akifa, wanaume hukaa nje uani kuzunguka moto, na moto huo hauzimiki hadi matanga yaanuliwe. Ukizimika ni aibu ya boma zima. Watasema marehemu hakuwa na watu. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Ndovu walikuwa wamejaa kwenye njia ya kwenda ranchi wakitafuta maji, na wanawake waliogopa kwenda kutafuta kuni huko. Kuni zilizoletwa na majirani ziliisha upesi. Walichoma mabua, wakachoma nguzo za zizi la mbuzi, wakaanza kutazamana.

Mama alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake kama inavyompasa mjane, nami nilikuwa kando yake. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia maneno ya nje. Kikao cha ukoo kilikuwa kimeanza. Baba Mkubwa Mwadime, kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akizungumza, na alizungumza vizuri, kwa huruma kabisa. Alisema kazi ya ndugu yake isife. Mbao zikishauzwa, pawepo na msumeno wa injini, na Mghanga aache shule, ashike nafasi ya baba yake, maana yeye ndiye anayeijua kazi. Wazee waliitikia. Wakamwuliza Mghanga kama ameyasikia, akasema ameyasikia. Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo. Kulikuwa na moshi uani na kila mtu alikuwa akikohoa. Nakikumbuka kwa sababu mkono wa mama, uliokuwa umelala juu ya goti langu, ulinibana hadi nikasikia maumivu.

Mjane hazungumzi katika kikao cha wazee. Hata kama angezungumza, nani angemsikiliza mwanamke aliyefiwa jana, anayetaka kutupa kazi ya mumewe? Jioni hiyohiyo Baba Mkubwa alikuja mlangoni, kofia mkononi, kumwomba radhi kwamba kuni zimekwisha na hawajui watafanyaje.

Mama alisema, "Chukueni ile ya bandani."

Baba Mkubwa alidhani mama amechanganyikiwa. Alimweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mtoto, kwamba bandani hakuna kuni, mle mna mbao za magitaa. "Hiyo ndiyo chakula cha watoto, Mama Mghanga."

"Najua ni nini, shemeji. Ni kuni ya mwenyewe. Kuna mtu hapa atamnyima mwenyewe kuni yake?"

Hakuna aliyeweza. Wanawake waliinamisha vichwa. Baba Mkubwa aliigeuza kofia yake. Mjane ameutolea moto wa mumewe kuni. Ukimkatalia, wewe ndiye unayemwachia marehemu baridi. Alitoka. Nilianza kulia kwa sauti na wanawake wakanibembeleza wakidhani namlilia baba.

Walianza na zile za karibu na mlango, wakaingia ndani zaidi, hadi lile rundo lililokuwa tayari. Mpingo hauwaki kwa fujo. Huwaka taratibu, makaa yake ni makali, na nta ilidondoka kwenye ncha ikatoa miali midogo ya manjano. Wazee walilazimika kusogeza viti nyuma kwa joto. Walikaa hivyo hadi matanga yalipoanuliwa, na hakuna aliyelalamika kwa baridi. Mghanga hakukaa nao. Mbao zilipokwisha alijifungia bandani, na alipotoka macho yake hayakumtazama mama tena, na kwa kweli hayajamtazama vizuri hadi leo.

Bwana Ochieng alifika na gari tukiwa bado na vichwa vilivyonyolewa. Alitoa rambirambi zake, akaenda bandani, akasimama mlangoni. Kulikuwa na vijiti tu, vile vya kutenganisha mbao, vimelala mistari mistari sakafuni. Alikunywa chai aliyopewa, akarudi Nairobi, na kwa kuwa mbao nyingine zingehitaji miaka, alitafuta mtu kwingine. Mambo ya msumeno wa injini yaliishia hapo. Baba Mkubwa hakuwa na la kumrithisha mtu.

Mama alimpeleka Mghanga Njukini kwa shangazi, akasoma huko huku akilima. Mimi nilibaki. Nilifanya mtihani wa darasa la nane, nikafaulu, na barua ya kuitwa shule ikakaa kabatini mpaka ikawa haina maana. Niliuza pojo na mama sokoni. Niseme ukweli, nilimchukia, chuki ya kimyakimya ya mtoto anayekula chakula cha mtu na kumhesabia makosa. Nilidhani majonzi yalimpiga akili. Siku nyingine nilidhani alifanya kusudi kumkomoa baba, kumwonyesha kwamba kitu alichokipenda kuliko sisi kinaweza kuwa majivu.

Nimekuwa mtu mzima, nina kibanda changu cha kushona nguo hapa Voi. Pumu ilinianza ukubwani, au ndivyo nilivyodhani, hadi muuguzi mmoja aliponiuliza nilikulia wapi na nyumbani tulifanya kazi gani. Nilimweleza kwa kujigamba, habari za magitaa na ile nta. Aliweka kalamu chini. Alinieleza habari za vumbi la mpingo, jinsi mwili wa mtu unavyoweza kulikataa mara moja na usilisahau tena. Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikiuona ule mkono gotini kwangu.

Mwaka jana nilizidiwa, na mama akaja kutoka Rukanga kuniuguza. Mchana mmoja, akiwa amekaa nyuma yangu kitandani na kunishika mgongo ili nipumue, nilimuuliza kwa nini alizitoa zile mbao. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa na jibu mdomoni siku zote. Alisema Mghanga alikuwa ameanza kukohoa. Yeye mama alikuwa akimsikiliza usiku tangu baba akiwa hai, anahesabu pumzi zake. Na pale uani walikuwa wanampa msumeno. "Ningewaambia nini, na wao wamekwisha kata maneno? Nikaona mbao ikiisha, kazi itaisha."

Nilimwambia kwamba Mghanga hajui. Nilimwambia kwamba hadi leo, akiwa na shamba lake na watoto wake na kifua cha ng'ombe dume, anasema mama alichoma urithi wake, na kwamba ningempigia simu siku hiyohiyo. Mama alikataa. Alisema Mghanga akijua ataanza kulia habari za baba yake, atajiona yeye ndiye aliyetugharimu, na hilo ni baya kuliko kununa. "Anichukie tu. Anichukie akiwa na pumzi."

Nje kulikuwa na treni ya mizigo inapita, na alisubiri ipite. Kifua changu kilikuwa kinapiga mluzi, na yeye alikuwa anakisikiliza, nilihisi kiganja chake kinavyotulia kila nilipovuta pumzi. Ndipo aliposema lile ambalo nadhani ndilo lililomleta Voi.

"Mwanangu, nilimwangalia mvulana. Wewe ulikuwa unafagia tu."

Nilitaka kumwambia si kitu. Pumzi ilikuwa haitoshi kusema, nikampapasa mkono, na yeye akaendelea kunishika mgongo, mahali palepale, kwa namna ileile aliyokwisha kujifunza.